Mgongo Unaouma: Nani Aamke, Nani Akimbizwe Hospitali?

Mpenzi msomaji, kama umewahi kutoka Malindi kwenda Marafa kulitazama lile korongo la udongo mwekundu ambalo wenyeji hulita Nyari, na watalii Hell's Kitchen, bila shaka njiani ulikutana na akina mama wenye mitungi ya maji vichwani. Mtungi mmoja wa lita 20 ni kilo 20 za maji. Anayeteka mara tatu kwa siku amebeba kilo 60. Nani basi atashangaa akisikia kwamba huko watu wanaumwa na mgongo? Lakini hata wewe wa mjini, unayeshinda kwenye kiti cha ofisi au dawati la chuo, hukusalimika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno.

Nilikwenda Marafa kumjulia hali shangazi yangu. Nilimkuta kitandani, siku ya kumi na nane. Alikuwa akipalilia mihogo, akainuka, kiuno kikamkaza. Majirani walikuja na ushauri wao. Godoro likaondolewa, ubao ukawekwa, akaambiwa asiinuke mpaka maumivu yaishe kabisa. Mmoja alisema ni baridi, wa pili akasema ni figo, wa tatu akaapa kwamba ni ile sindano ya mgongo aliyodungwa alipojifungua kwa upasuaji miaka kumi na mitano iliyopita.

Nyumba ya pili palikuwa na kijana wa miaka kumi na miwili. Naye mgongo ulikuwa ukimuuma, kwa miezi sasa. Usiku halali, jioni hupata homa, na nguo zimeanza kumpwaya. Yeye aliambiwa ni mvivu wa kuteka maji. Akipiga kelele sana hununuliwa vidonge vya maumivu dukani.

Je, msomaji, unaliona kosa? Aliyestahili kuamka alilazwa, na aliyestahili kukimbizwa hospitali aliambiwa avumilie. Hebu tuzipitie imani hizi moja moja.

Kwanza, kulala. Mwaka 1995 madaktari wa Finland walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu ya kiuno ya ghafla. Kundi moja lililazwa siku mbili, la pili likapewa mazoezi maalumu, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi ni hawa wa tatu. Misuli inayolazwa hudhoofika, na mgongo hutegemea misuli. Kupumzika siku moja au mbili si dhambi. Wiki tatu ni kujiongezea ugonjwa.

Pili, ubao. Mwaka 2003 watafiti wa Hispania waliwapa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kadiri. Waliolalia ya kadiri ndio waliopata nafuu zaidi. Basi rudisha godoro lako, bora lisiwe limebonyea katikati kama mtumbwi.

Tatu, picha. Wengi huamini kwamba bila kupigwa picha hakuna tiba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa chochote. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na visahani vya gegedu, vile vilivyo kati ya pingili za mgongo, vilivyoanza kuchakaa. Katika miaka 80 walikuwa asilimia 96. Uchakavu huo ni kama mvi za ndani. Ukiambiwa tu kwamba "pingili zimechakaa", usikimbilie kuuza shamba ukafanyiwe upasuaji.

Nne, figo. Maumivu ya figo aghalabu hukaa ubavuni chini ya mbavu, mara nyingi pamoja na homa au mabadiliko ya mkojo, na hayajali umeinama au umesimama. Kiuno kinachouma ukiinama na kutulia ukigeuka, mara nyingi ni misuli na viungo. Jambo la kusikitisha ni kwamba anayemeza vidonge vya maumivu kila siku kwa kuogopa figo anaweza kuziharibu hizo figo, na tumbo lake pia.

Tano, sindano ya mgongo. Mahali ilipoingia panaweza kuuma kwa siku chache. Lakini hata akina mama waliojifungua bila sindano hiyo huumwa na kiuno, kwa sababu mimba huvuta mgongo, na baada yake kuna kumwinamia mtoto na kumbeba. Kuilaumu sindano ni jambo dogo. Kuikataa wakati mama na mtoto wako hatarini ni jambo kubwa.

Sita, "wanawake wetu wamezoea". Mwaka 1986 wanasayansi, akiwemo Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi, waliwapima akina mama wa Kiluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo. Waligundua kwamba mzigo usiozidi moja ya tano ya uzito wa mwili hauwaongezei nguvu wanazotumia wakitembea. Ajabu kubwa! Lakini piga hesabu: kwa mama wa kilo 60, moja ya tano ni kilo 12. Mtungi wetu ni kilo 20, yaani theluthi ya uzito wake. Isitoshe, utafiti huo ulipima nguvu tu, haukupima shingo. Basi mitungi midogo, mkokoteni, au mkono wa baba na wavulana ni msaada wa kweli.

Sasa turudi kwa yule kijana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maumivu ya mgongo yakiambatana na homa, kukonda au jasho la usiku, mkimbilie daktari. Vivyo hivyo mtu akianguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, au akiwa amewahi kuugua saratani. Miguu ikilegea, ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo na choo vikikataa kutoka au kutoka vyenyewe, usingoje hata kesho. Kwa mtoto, maumivu ya mgongo yasiyokwisha hayapuuzwi kamwe.

Nilimwomba mama yake amvue shati. Katikati ya mgongo palikuwa na kinundu. Bibi mmoja akanong'ona kwamba amerogwa. Kesho yake tulimpeleka Malindi, na baada ya vipimo jibu likatoka: kifua kikuu cha mifupa. Ndiyo, msomaji, kifua kikuu hakikai kifuani tu. Hula pingili, na kikiachwa huleta kibyongo na kupooza. Lakini kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali hapa Kenya. Kijana alianza dawa akiwa bado anatembea kwa miguu yake. Kile kinundu huenda kisiondoke, lakini miguu imeokoka.

Na shangazi? Nilimwambia, "Shangazi, leo twende mpaka kwenye mwembe ule." Akanijibu, "Mwanangu, utaniua." Tulikwenda polepole, tukarudi. Siku ya pili tukafika barabarani. Wiki mbili baadaye nilipata habari kwamba amerudi shambani, anapalilia kidogo kidogo na kupumzika. Bado kiuno humkumbusha asubuhi, lakini ule ubao ameutengenezea mlango wa banda la kuku.

Nawe msomaji, inuka kitini hapo, ujinyooshe. Tuonane Jumapili ijayo.