Mwaka Kayanga Ilipopata Askofu

Agosti 14, 2008, Papa Benedikto wa 16 alilimega Jimbo Katoliki la Rulenge, likazaliwa Jimbo la Kayanga, lenye makao wilayani Karagwe. Almachius Rweyongeza aliteuliwa kuwa askofu wake wa kwanza, akawekwa wakfu Novemba mwaka huohuo.

Uamuzi ule ulikuwa wa haki. Kwa mkulima wa kahawa wa Murongo, mpakani na Uganda, makao ya askofu yalikuwa mbali kabisa, wilayani Ngara. Walutheri walikwishaliona hilo: Dayosisi ya Karagwe ya KKKT ilianzishwa 1979.

Serikali nayo iliigawa Wilaya ya Karagwe mwaka 2012, ikapatikana Wilaya ya Kyerwa, iliko Murongo. Viongozi wa dini wasiiache Kyerwa pembezoni. Mikutano mikubwa, kipaimara na semina za vijana vifanyike huko pia, si Kayanga peke yake.