Antena ya Wima Huanza Ardhini

Mawimbi ya redio ni miongoni mwa mada ambazo mwanafunzi wa sekondari huzijua kwa kalamu bila kuzijua kwa mikono. Hukariri kwamba kasi ya wimbi ni sawa na urefu wake mara idadi ya mitetemo kwa sekunde, hujibu swali la mtihani, kisha mada hufungwa. Hali hiyo si ya lazima. Shule yenye waya, mti mrefu na uwanja inaweza kujenga antena ya wima, yaani antena inayosimama kama mlingoti, na kuitumia katika redio ya ridhaa: mawasiliano yanayoendeshwa na raia kwa ajili ya elimu na utafiti, pasipo biashara. Jambo hilo lastahili kutetewa, lakini kwa sharti moja zito. Shule ianze na ardhi kabla ya kutazama juu.

Na ichukuliwe kwa mfano kata ya Rugu, wilayani Karagwe. Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka kwayo mwaka 2012, ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, magharibi ya Mkoa wa Kagera. Antena si kitu kigeni huko. Minara ya simu inaonekana vilimani, na Redio FADECO imewazoesha wakulima wa Karagwe kusikia habari zao wenyewe hewani. Wazee wa mkoa huo wanakumbuka pia mwaka 1994, wakati watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo, wilayani Ngara, kwa muda wa saa 24 mwishoni mwa Aprili. Magari ya mashirika ya misaada yaliyofuata yalikuwa na fimbo ndefu zilizosimama mbele, zikiyumba kila gari lilipopita kwenye mashimo. Fimbo zile zilikuwa antena za wima za masafa mafupi, nazo zilifanya kazi mahali ambapo simu haikuwa imefika.

Hata hivyo, kuona si kuelewa. Mnara wa simu au wa redio ya FM hubeba tu antena kileleni. Wenyewe si antena. Katika antena ya wima ya masafa mafupi, chuma au waya wote uliosimama ndio unaorusha mawimbi. Na hata huo ni nusu tu ya chombo.

Nusu isiyoonekana

Hesabu ya nusu inayoonekana ni nyepesi. Wimbi la megahezi 14.1 lina urefu wa mita 21.3 hivi. Robo yake ni mita 5.3, na kwa kuwa umeme huenda polepole kidogo ndani ya waya kuliko hewani, hupunguzwa asilimia 5, zikabaki mita 5.05. Kwa njia fupi, 71 ikigawanywa kwa idadi ya megahezi hutoa urefu kwa mita: mita 10 kwa megahezi 7.1, na mita 2.5 kwa megahezi 28.2. Mwanzi mrefu au mti wa mkaratusi, waya wa shaba ukiwa umefungwa ubavuni mwake, watosha kabisa.

Ugumu umo chini. Mkondo wa umeme unaopanda katika waya hauna budi kupata njia ya kurudi, na njia hiyo ni ardhi iliyo chini ya antena. Udongo ni kipitishi dhaifu, hivyo sehemu ya nguvu hugeuka joto humo. Dawa yake ni kutandaza nyaya juu ya ardhi, au kuzifukia kidogo, zikitoka chini ya antena kuelekea pande zote kama mizizi ya mgomba. Mwaka 1937 wahandisi wa Marekani G. H. Brown, R. F. Lewis na J. Epstein walichapisha vipimo vilivyoonyesha jinsi nyaya chache zinavyopoteza nguvu, na vituo vikubwa vya masafa ya kati vikazoea kutandaza nyaya 120. Shule haihitaji idadi hiyo. Nyaya 16 za mita 5 kila moja ni mita 80 za waya, nazo zaleta tofauti kubwa zikilinganishwa na 2 au 4.

Hapa ndipo somo linapokolea. Antena ya robo wimbi iliyo juu ya ardhi kamilifu huonyesha ukinzani wa omu 36 hivi. Ukinzani wa ardhi hujumlishwa juu yake. Kipimo kikisoma omu 72, basi omu 36 ni za udongo, na nusu ya nguvu inaupasha udongo joto. Nyaya zinapoongezwa, kipimo hushuka kuelekea 36. Mwanafunzi akiwa na kipimo kidogo cha antena kama NanoVNA, kinachoshikika kiganjani, aweza kuongeza nyaya mbilimbili, kuandika namba na kuchora grafu inayoonyesha kitu ambacho macho hayakioni.

Namba hizo zina mtego mmoja. Mitambo mingi na kebo zake hupenda omu 50. Antena inayosoma omu 50 kamili humfurahisha mwenye nayo, kwa kuwa hakuna nguvu inayorudi kwenye mtambo. Kumbe omu 14 kati ya hizo ni hasara ya ardhi, na asilimia 28 ya nguvu hupotea kimyakimya. Akiongeza nyaya, kipimo kitaonekana kibaya zaidi huku antena ikizidi kuwa bora. Mwanafunzi aliyejionea jambo hilo hatakisadiki tena kipimo chochote pasipo kuuliza kinapima nini. Na hilo ni funzo la sayansi nzima, si la redio peke yake.

Katika milima ya Karagwe jambo hili lina uzito wake. Vilele vingi ni vya miamba migumu na changarawe, ambayo hupitisha umeme vibaya, ilhali mabonde yenye unyevu hupitisha vizuri zaidi. Shule iliyo kileleni ina upeo mpana lakini ardhi maskini. Huo ni utafiti halisi wa kimazingira ambao wanafunzi wa Rugu wanaweza kuufanya, na ambao kitabu kilichoandikwa kwingine hakiwezi kuwafanyia.

Antena ya mbali kwa watu wa karibu

Wapo watakaouliza swali la haki: simu ziko kila mahali, chombo hiki ni cha nini? Tena antena ya wima hurusha mawimbi yake karibu na upeo wa macho, na juu ya utosi wake hairushi kitu. Mawimbi hayo hufika ayonosfera, tabaka la juu lenye chembe za umeme, na kurudishwa chini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Antena ya Rugu yaweza hivyo kusikika Finland na isisikike vizuri Bukoba, mji ulio umbali wa kilomita mia moja hivi.

Swali hilo lisikwepwe. Kwa mawasiliano ya mkoa, waya uliolazwa mlalo, mita chache tu juu ya ardhi, katika masafa ya megahezi 7 au chini yake, hurusha mawimbi juu utosini nayo hurudi jirani. Anayeiambia shule kwamba antena ya wima itaiunganisha na wilaya yake anaipotosha. Lakini shule haitafuti mbadala wa simu. Inatafuta chombo ambacho mwanafunzi anaweza kukifungua, kukipima na kukijenga upya, na simu haimpi nafasi hiyo.

Wala si lazima kuanza kwa kurusha. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na ishara ya utambulisho inayoanza na 5H. Kusikiliza, hata hivyo, kunaleta elimu nyingi. Upo mtandao wa kimataifa wa vituo 18 vya redio ya ridhaa vilivyopangwa kupokezana katika megahezi 14.100, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima ukichukua dakika 3. Kila kituo hutaja ishara yake kwa mofsi, kisha hupiga milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, kisha wati 10, wati 1, na wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Katika orodha hiyo zimo ishara 5Z4B ya Kenya, ZS6DN ya Afrika Kusini, OH2B ya Finland na JA2IGY ya Japani. Redio ya masafa mafupi yenye swichi ya SSB huisikia milio hiyo. Ile ya kawaida haitoshi. Darasa likiandika kila siku kituo gani kimesikika, saa ngapi na kwa mlio wa ngapi, litapata picha ya ayonosfera juu ya Kagera. Kilele cha mzunguko wa sasa wa jua kilifikiwa mwaka 2024, hivyo daftari litakaloanzwa leo, likitunzwa kwa miaka kadhaa, litaonyesha masafa ya juu yakififia pamoja na nguvu za jua.

Radi haisubiri

Sharti la ardhi lina upande mwingine, nao ni wa uhai. Maeneo yanayolizunguka Ziwa Viktoria na yale ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, Uganda. Tarehe 27 Januari 2025 wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, mkoani Geita, waliuawa kwa radi. Kusimamisha chuma kirefu kileleni katika nchi kama hiyo, kisha kuingiza kebo yake darasani, pasipo kufikiri, ni kuongeza hatari juu ya hatari.

Kwa hiyo antena ya shule isijengwe kuwa ya kudumu. Ifungwe kwenye bawaba kati ya nguzo mbili fupi, isimamishwe wakati wa somo chini ya anga safi, ilazwe kabla mwalimu hajaondoka, na kebo yake iachwe nje ya jengo. Isingojewe ngurumo, kwa maana mtu aisikiaye tayari yumo katika eneo la hatari. Isimame mbali na nyaya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wake, ili ikianguka isiziguse. Na pasiwe na mtu wa kudhani kwamba nyaya zilizotandazwa chini yake zimekuwa kinga ya radi. Kinga ya radi ni kazi nyingine: kipitishi kinene kinachoshuka kutoka paani hadi fimbo zilizozamishwa vyema ardhini, ikifanywa na fundi anayeijua.

Lakini elimu ni moja. Mwanafunzi aliyepima ukinzani wa udongo chini ya antena yake ndiye atakayetazama ukuta wa darasa na kuuliza waya wa kinga unaishia wapi, umeungwa na nini, na nani aliupima mara ya mwisho. Shule zinahitaji sana wanafunzi wa namna hiyo.

Misaada inapokuja shuleni, kitu kirefu kinachong'aa ndicho hupigwa picha. Bodi za shule, walimu wa fizikia na wafadhili wageuze mpangilio huo. Fedha za kwanza zinunue kinga ya radi ya madarasa, za pili waya wa kutandaza ardhini, za tatu kipimo na redio ya kusikilizia. Mlingoti uje mwisho, nao waweza kukatwa katika shamba la mikaratusi la jirani.