Nani Kakwambia Mahakama Imefungwa?

Kila mwaka Agosti ikikaribia, maneno ni yale yale kuanzia stendi ya Thika hadi Ruiru: mahakama imeenda likizo, tulia mpaka Septemba. Makanga anayasema, mwenye digrii anayasema, na mabroka wanaovizia nje ya malango ya mahakama na bahasha za kaki kwapani wanayasema kwa sauti kubwa kuliko wote. Ni uongo, na ni uongo wenye faida kwa baadhi ya watu, ndiyo maana haufi.

Mahakama Kuu ya Kenya hupumzika mara tatu kwa mwaka: siku chache za Pasaka, kisha tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, na mwisho 21 Desemba hadi 13 Januari. Ratiba hii tumeirithi kwa Waingereza, ambao Agosti kwao ni kiangazi. Huku kwetu Thika, Agosti mtu bado hajavua sweta. Lakini tuache hayo. Swali ni hili: kesi yako iko mahakama gani? Ya bodaboda iliyogongwa Kihunguro, ya matunzo ya mtoto, ya wizi wa mabati Makongeni, ya deni la elfu themanini lililokataa kulipwa, zote ziko kwa hakimu au katika Mahakama ya Madai Madogo. Likizo ya Agosti ni ya majaji. Hakimu huenda likizo yake ya mwaka kama mwalimu au muuguzi, na korti inaendelea. Nenda Ruiru asubuhi yoyote katikati ya Agosti uone kama hutakuta washtakiwa wanasomewa mashtaka na jamaa zao nje wakihangaika kutafuta dhamana.

Uongo huu huumiza zaidi kwenye ardhi. Chukua mfano wa mama mwenye ploti Gatong'ora. Wiki ya kwanza ya Agosti anapigiwa simu na jirani: kuna lori limemwaga mawe ya Ndarugo kwenye shamba lako, na mafundi wanachimba msingi. Anakimbia mjini. Anaambiwa mahakama imefungwa, arudi tarehe 16 Septemba. Anarudi nyumbani kulia. Yule anayejenga halii. Ana wiki sita, na wiki sita zinatosha kufikisha ukuta kwenye linta, kupaka rangi geti na kumweka mlinzi mwenye mbwa. Mama atakapofika mbele ya jaji Septemba, upande wa pili utasema nyumba imeshasimama, na kama mlalamishi alikuwa na haraka mbona alikaa kimya wiki zote hizo? Hapo kupata zuio la muda kumekuwa mlima.

Yote hayo bila sababu. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, na mahakimu waliochapishwa kwenye Gazeti Rasmi wanasikiliza kesi za ardhi. Ploti ya hamsini kwa mia Gatong'ora haifiki huko. Hata kama kesi ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Agosti kuna jaji wa zamu. Wakili anaandaa ombi, hati ya kiapo na hati ya dharura, anavituma kwa mtandao, na jaji anaweza kutoa zuio kabla hata upande wa pili haujaitwa. Zuio la namna hiyo haliwezi kuzidi siku 14 kabla ya pande zote kusikizwa, lakini siku 14 za mafundi kukaa bila kazi si haba.

Kuna mtego mwingine, nao ni mbaya zaidi kwa kuwa huwanasa hata wanaojiona wajanja. Watu wanaamini kwamba mahakama ikipumzika, siku za kisheria nazo zinapumzika. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai, Agizo la 50, zinaondoa kwenye hesabu siku za kati ya 21 Desemba na 13 Januari. Agosti haimo. Ukishindwa kesi kwa hakimu tarehe 29 Julai, siku zako 30 za kukata rufaa zinahesabika jaji awe kazini au awe kwao kijijini. Ukipelekewa samansi Agosti ukaitia kwenye droo ukingoja Septemba, utakuta hukumu imeshaingizwa dhidi yako kwa kutojibu, na dalali ameshaandika orodha ya viti vyako. Na hata ile nafuu ya Desemba haigusi maombi ya zuio la muda, wala haikuongezei siku katika ile miaka mitatu ya kudai fidia ya ajali.

Anayeshikilia kwamba likizo huzima mahakama na atazame kalenda ya nchi hii. Kesi tatu kati ya nne za urais chini ya Katiba ya 2010 ziliamuliwa wakati Mahakama Kuu iko mapumzikoni: 30 Machi 2013, Jumamosi ya Pasaka, 1 Septemba 2017, uchaguzi ulipofutwa, na 5 Septemba 2022. Utaniambia hizo ni kesi za wakubwa, Katiba imeipa Mahakama ya Juu siku 14 na hapakuwa na njia nyingine. Sawa. Lakini Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 49, inataka kijana aliyekamatwa Kiandutu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Haikuandikwa humo kwamba isipokuwa Agosti.

Sisemi kila mlango uko wazi. Kesi ya kawaida katika Mahakama Kuu, ile ya mashahidi na maswali, haisikizwi wakati huo, na jaji wa zamu akiona dharura yako si dharura atakupangia tarehe ya mbele. Hilo linauma. Lakini hao majaji wanaosemwa wamelala wana mirundo ya hukumu za kuandika, na sheria inawapa siku 60 tangu kesi kumalizika kusikizwa. Anayesikiliza mashahidi mchana kutwa ataandika saa ngapi? Tukitaka kugombana kuhusu ucheleweshaji, tugombane kuhusu Februari na Juni, miezi isiyo na likizo yoyote, ambapo kesi huahirishwa kwa sababu shahidi hakuja, faili haionekani, au wakili ana kesi nyingine Kiambu.

Idara ya Mahakama nayo isijifiche. Tangazo la likizo hutolewa kwa Kiingereza kwenye Gazeti Rasmi, ambalo mama wa Gatong'ora hajawahi kulishika. Karatasi moja ya Kiswahili langoni, yenye jina la jaji wa zamu, nambari ya simu ya masjala na maneno "mahakama ya hakimu inaendelea", ingewanyima mabroka chakula cha mwezi mzima.

Karatasi hiyo isipokuwepo, kuna dawa ndogo. Yeyote atakayekwambia usubiri Septemba, awe wakili au karani, mwombe akuandikie maneno hayo kwa barua, aweke jina, tarehe na muhuri. Uone kama ataandika.