Historia Iliyomo Jikoni mwa Mji wa Kale

Shule nyingi hupeleka wanafunzi Mombasa kuitazama Fort Jesus. Huambiwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, nao huiandika tarehe hiyo madaftarini. Kisha hupita katika vichochoro vya Mji wa Kale, wakanunua mahamri, wakala na kwenda zao. Ni nadra wao kuambiwa kwamba hayo waliyoyala nayo pia ni historia.

Hebu tukitazame kiamshakinywa kimoja tu cha mtaa huo: mahamri kwa mbaazi za nazi. Jina mahamri ni la ukoo mmoja na hamira, neno lenye asili ya Kiarabu. Iliki inayoyatia harufu ni kiungo cha Bara Hindi, na mbaazi ni zao la huko huko. Lakini kukuna nazi na kukamua tui ni vitenzi vya Kibantu, ilhali jina la meza inayoandaliwa chakula hicho tulilipokea kutoka kwa Wareno. Mataifa yote hayo yamekutana katika sahani moja, na aliyeyakutanisha ni mpishi Mswahili.

Wapo wanaodai kuwa upishi wa aina hii ni wa kuazima, na kwa hivyo si wetu. Dai hilo halina mashiko. Tukilifuata, itatubidi tuukane hata ugali, kwa maana mahindi asili yake ni bara la Amerika, ijapokuwa jina lake laelekeza Bara Hindi. Chakula huwa cha watu pindi wanapokipika kwa namna yao, wakakipa jina na kuwarithisha watoto wao.

Urithi huo ndio unaonitia wasiwasi. Fort Jesus iliorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2011 kuwa turathi ya dunia, lakini maneno ya jikoni hayana mlinzi. Tui linaponunuliwa katika pakiti, mbuzi na kifumbu huwekwa kando, na majina yake hufuata. Leo mwanafunzi wa Kiswahili aweza kuhitimu chuo kikuu pasi na kujua kwamba kasimile ni tui zito la kwanza, wala upawa ni chombo gani.

Nawasihi walimu wenzangu wawape wanafunzi zoezi moja. Kila mmoja aende kwa mzee wa mtaani kwao, uwe Mji wa Kale, Pumwani au kwingineko, amwulize: chakula hiki chaitwaje, kilipikwa kwa vyombo gani, na ni nani aliyekufunza kukipika? Majibu yaandikwe kwa maneno ya mzee mwenyewe, kisha yahifadhiwe katika maktaba ya shule.

Kazi hiyo haihitaji fedha za wizara. Yahitaji daftari na kalamu tu, na ianze muhula huu, maadamu wanaoyajua maneno hayo wangali nasi.