Kimbunga na Televisheni za Vyama



Usiku mmoja wa kuchambua karafuu msimu huu palizuka ugomvi barazani petu. Wazee wawili, wote wanachama wa siku nyingi, nusura wavunjiane heshima kwa sababu ya dhoruba iliyopiga Marekani, nchi ambayo hapana hata mmoja wao aliyepata kuikanyaga. Mmoja alikuwa ameisikia khabari hiyo katika televisheni moja ya kule, wa pili katika nyingine, zote kwa dishi la kijana wa jirani. Wa kwanza asema serikali ya kule imefanya kazi ya kusifiwa. Wa pili asema imewaacha watu wafe. Tukawauliza: je, upepo huo umeangusha nyumba ngapi? Hapana aliyejua. Na miti je? Hapana aliyejua. Lakini nani wa kulaumiwa, hilo kila mmoja alikuwa nalo tayari mdomoni.

Sisi hatuna ugomvi na televisheni. Visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, ilhali wenzetu wa Bara walingoja mpaka miaka ya tisini, na jambo hili twajivunia pengine kuliko inavyostahili. Linalotuudhi ni desturi ya kuufanya msiba wa watu kuwa uwanja wa vyama.

Basi natutazame msiba mmoja ambao hesabu yake imekwisha julikana, tena wa watu wa kisiwani, wakulima kama sisi. Puerto Rico ni kisiwa cha bahari ya Karibi kilicho chini ya Marekani. Wenyeji wake ni raia wa Marekani, lakini wakaao kisiwani hawampigii kura Rais. Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga kilichoitwa Maria kiliingia upande wa Yabucoa, na kilipotoka upande wa pili kilikiacha kisiwa kizima gizani. Huko milimani, Adjuntas na Jayuya, ndiko kulimwako kahawa. Mikahawa ililala chini pamoja na migomba. Idara ya Kilimo ya huko ilikadiria kwamba asilimia 80 ya thamani ya mazao ya kisiwa imepotea, na mkahawa mpya hungojewa miaka mitatu minne kabla haujazaa. Sisi tunaoungojea mkarafuu zaidi ya hapo twaujua uzito wa maneno hayo. Wazee wetu waliujua zaidi, maana kimbunga cha Aprili 1872 kilivunja sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaisaza Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao hili.

Televisheni zilionyesha nini? Kule Marekani ziko zinazojulikana wazi zimeegemea wapi: Fox News upande wa Republican, na ile iliyokuwa ikiitwa MSNBC upande wa Democratic. Tarehe 3 Oktoba Rais Trump alizuru kisiwa, akawa anawarushia watu karatasi za kupangusia kama mtu arushaye mpira. Meya wa San Juan, Bibi Carmen Yulín Cruz, aliyekuwa akimlaumu Rais, naye alitokea katika televisheni amevaa fulana iliyoandikwa neno la kashfa ambalo Rais alilitumia katika kumshutumu. Picha hizo zikarudiwa na kurudiwa. Ampendaye Rais alimwona meya asiye na adabu; asiyempenda aliziona karatasi. Yote yalitokea kweli, hatusemi kuwa ni uwongo. Lakini siku hizo hizo watu wa milimani walikuwa wakiteka maji mitoni. Wagonjwa wa figo na wale wa kuvuta pumzi kwa mashine hawakuwa na umeme, na dawa za kisukari ziliharibika kwa joto. Umeme haukurudi kwa watu wote ila baada ya miezi kumi na moja hivi. Ndugu zetu wa Unguja waliokaa gizani miezi mitatu tangu Desemba 2009 wanaweza kukisia.

Tuje kwenye vifo, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Siku ya ziara ile Rais alitaja watu 16. Baadaye serikali ya kisiwa ikaandika 64, na hesabu ikakaa hapo miezi. Mei 2018 watafiti wa Harvard walikadiria vifo 4,645, wakaeleza wenyewe kwamba idadi ya kweli yaweza kuwa chini au juu sana ya hapo. Siku hiyo televisheni kubwa za khabari zilimshughulikia zaidi mchekeshaji mmoja aliyefutiwa mchezo wake. Angalau kwa hilo pande mbili ziliafikiana!

Kisha serikali ya kisiwa ikakitaka Chuo Kikuu cha George Washington kifanye hesabu. Njia yao mkulima aifahamu: ukijua shamba lako hutoa pishi ngapi, na mwaka huu zimepungua, waijua khasara yako hata kama mwizi hukumwona. Wao walijua watu wangapi hufa miezi ile kwa kawaida, wakatoa katika hesabu waliohama, wakatazama ziada. Mwezi Agosti 2018 wakatoa jibu: 2,975. Septemba Rais akasema kwamba watu 3,000 hawakufa, na kwamba hesabu hiyo imetungwa na Democratic ili aonekane mbaya. Tangu hapo idadi ya maiti ikawa kama kadi ya chama. Ulitazama televisheni gani? Basi waliokufa ni wangapi kwako?

Pengine mtu atatuuliza: je, serikali ikikosea isilaumiwe? Ilaumiwe, tena sana. Lakini mzee aliyekufa Novemba kwa kukosa mashine ya pumzi aliandikwa kuwa amekufa kwa moyo, na msaada wa maziko ulitaka cheti kisemacho kwamba kimbunga ndicho kilichoua. Jamaa zake wakakosa. Mabishano ya televisheni hayakumpa cheti hata mmoja wao, wala hayakuuliza kwa nini zahanati haikuwa na mtambo wake wa umeme.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupita kusini, kikaelekea Mafia, na vyombo vya baharini vikasimama. Kama kingegeuka kidogo, ni nani kati yetu angeweza kuonyesha alikuwa na mikarafuu mingapi? Kila mtu angesema lake, na kila chama kingechagua linalokipendeza.

Kwa hiyo Kamati imenunua daftari. Kila mwanachama na aje aandikishe mikarafuu yake: shamba liko shehia gani, miti mingapi imezaa, mingapi bado, mbele ya mashahidi wawili, na ikiwezekana wasiwe wa chama kimoja cha siasa. Ukipiga upepo, mashahidi hao hao watahesabu iliyoanguka.

Wale wazee wawili tumewaomba waanze wao, kila mmoja ahesabu shamba la mwenzake. Mmoja amekubali. Wa pili bado amenuna, lakini jana ameuliza daftari liko wapi.