MBWA WAKO HAUMI? SAWA, BIBI WA MLIMANI ATAJUAJE?

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira. Nimeikalia siku tatu nikidhani itapoa, haijapoa, bora niitoe hapa tuelewane.

Kuna video inazunguka tangu Ijumaa. Mdada mmoja wa bongo movie, jina kapuni, kaenda Morogoro na mashosti zake kupanda milima ya Uluguru. Raba nyeupe mpya, miwani, treksuti inawaka, na lile limbwa lake la Kijerumani lenye masikio yamesimama kama antena. Ukungu nyuma, kijani kila kona, picha bomba. Mpaka hapo poa kabisa, mi mwenyewe niligonga laiki.

Alafu kwenye kona anatokea bibi anashuka na mkungu wa ndizi kichwani. Mbwa hana kamba. Mbwa anatimka moja kwa moja kumfuata. Bibi anatupa mkungu, anaparamia ukingo wa njia, anang'ang'ania majani asiporomoke. Na nyuma ya kamera watu wanacheka. Wanacheka mpaka simu inatikisika. Chini ya video dada kaandika: "Njia yetu wenyewe, hakuna mtu."

Hakuna mtu! Sasa yule bibi ni nini?

Mimi ni mtoto wa mji kasoro bahari, hizo njia nazijua tangu nasoma msingi. Mkitoka huko Dar mkakuta njia haina mapikipiki, haina kibanda cha soda, haina foleni ya watu wanaojipiga picha, mnasema haitumiki. Inatumika sana, ila sio na nyie. Ile ni barabara ya watu. Juu kule kuna vijiji ambavyo gari halifiki. Ndizi, njegere, karoti, mpaka stroberi mnazonunua mjini kwenye vikopo vya plastiki, nyingi zimeshuka kichwani kwa mama au bibi aliyeamka alfajiri, kaweka ngata, kabeba tenga, kashuka kwa miguu mpaka sokoni. Akiuza ananunua sabuni, chumvi na daftari za wajukuu, anapanda tena. Mji uko kwenye mita 500 na kitu, kilele cha Lupanga kinachouangalia kiko mita 2,138. Nyie mmepanda mara moja mkapost wiki nzima. Yeye hapo katikati anapanda na kushuka kila siku ya soko na hana hata picha moja.

Na mkungu ukidondoka kwenye mteremko ule hauokoti ukaendelea na safari. Ndizi zinachubuka, nyingine zinabingirika korongoni. Ndizi iliyochubuka sokoni inapigwa bei ya kutupa. Kwa hiyo pale mlipocheka mlikuwa mnacheka mshahara wa mtu unabingirika.

Najua timu yake inakuja kunitukana. "Una wivu." "Unatafuta kiki kwa jina la dada yetu." "We unachukia mbwa." Ngoja niwajibu kwa kisa changu mwenyewe, ambacho sijawahi kukiandika kwa sababu nilikuwa naona aibu.

Mimi nina mbwa. Anaitwa Popi, mbwa koko wa kawaida, kahawia, sikio moja limelala. Nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nafanya vilevile anavyofanya dada yenu: napanda naye mlimani, namwachia, najiona mjanja, nasema mbwa anahitaji uhuru. Siku moja kwenye njia ya juu akatokea dogo wa darasa la pili au la tatu hivi, katumwa chumvi. Popi akamkimbilia. Alikuwa anataka kucheza, naapa. Lakini dogo hakujua, akageuka akakimbia, na ukimkimbia mbwa ndio umemwita. Dogo akaanguka, goti likapasuka, na katika purukushani jino la Popi likamkwaruza mguuni. Damu kidogo tu.

Nikasikia mtu anashuka mbio kutoka shambani. Baba yake, panga mkononi. Nikajua leo nimekwisha. Yule mzee hakunipiga wala hakunitukana. Alimshika mtoto, akaangalia mguu, akaniuliza neno moja: "Kachanjwa?"

Sikuwa na jibu. Popi alikuwa na miaka mitatu na sijawahi kumpeleka kuchanja hata siku moja. Hela ya bando nilikuwa nayo kila siku.

Wadau, kichaa cha mbwa sio stori ya kutishia watoto. Kirusi kinakaa kwenye mate, kinaingia kwa kung'atwa au mkwaruzo, na dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni karibu haiwezekani. Dawa ni kuwahi kabla. Kidonda kinaoshwa hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, alafu mbio hospitali kwa chanjo. Na sindano sio moja, unaitwa leo, unaitwa tena baada ya siku kadhaa, unaitwa tena. Kwako wewe wa mjini ni bodaboda na dakika ishirini. Kwa yule dogo ilikuwa kushuka mlima na kupanda mlima kila sindano, baba yake kaacha shamba, shule imekatika.

Na mbwa mwenyewe anachunguzwa siku kumi. Siku kumi hizo sikulala. Usiku naamka na tochi kwenda kumwangalia Popi kama anatoka mate, kama anakunywa maji, kama ananitambua. Namwangalia mbwa wangu huku nawaza mtoto wa mwenzangu. Niliuza simu yangu kulipia matibabu na nauli, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Popi alikuwa mzima, dogo yuko mzima mpaka leo. Ilikuwa bahati tu, akili sikuwa nayo.

Kwa hiyo mkisema "mbwa wangu haumi", nawasikia, nilisema hivyohivyo. Wewe unamjua toka akiwa mtoto, unamjua mkia ukitikisika maana yake nini. Bibi anamuona dubwana la kilo 30 linakuja mbio kwenye njia ambayo kushoto ni ukuta na kulia ni korongo. Huko kwao mbwa anayekimbilia watu ovyo ndiye huyohuyo wanayemuogopa kuwa na kichaa. Bibi hakuwa mshamba pale. Alikuwa anatumia akili, na wewe ndiye uliyekuwa hutumii.

Alafu kuna la imani, msijifanye hamlijui. Waislamu wengi wa kwetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mtu yuko njiani na mzigo, hana maji, mbwa wako anamlamba kanga, wewe unasema "anakupenda huyo bibi". Upendo gani huo wa kumharibia mtu swala yake?

Wapo watakaosema suluhisho ni mbwa wasipande kabisa, kwamba kutembea na mbwa mlimani ni uzungu. Hapo pia sikubaliani. Kutembea na mbwa mlimani ni raha isiyoelezeka. Ukikaa juu ya jiwe na mwenzako wa miguu minne anahema pembeni, mji mzima uko chini kama umemwagwa, matatizo yote yanakuwa madogo. Wakulima wa kule wenyewe wanafuga mbwa. Mi bado napanda na Popi, tunatoka asubuhi jioni tuko nyumbani. Ila sasa napanda kama mgeni kwenye njia ya watu.

Maana yake ni nini? Mbwa anachanjwa kila mwaka na kadi iko mfukoni. Mbwa yuko kwenye kamba mwanzo mpaka mwisho, kamba fupi, sio kamba umeshika mkononi kama urembo. Ukiona mtu anakuja, wewe ndiye unayetoka pembeni, upande wa juu wa njia, unamkalisha mbwa, unasema shikamoo, unamwacha mwenye mzigo apite. Mwenye mzigo hasimami, mwenye raba ndiye anasimama. Ukikaribia nyumba unafupisha kamba, pale kuna kuku na mbuzi wa watu. Unatoka mapema jua halijawaka kwa sababu mbwa hatoi jasho kama wewe, anapoa kwa kuhema, na unambebea maji yake. Na ukifika kwenye msitu wa hifadhi, ujue ule uko chini ya TFS, ulizia kwanza ofisini kuhusu kibali na kuhusu mbwa. Wawindaji haramu wanaingia na mbwa na wanatega nyaya, kwa hiyo mbwa asiye na kamba msituni anaweza kukuchanganyia mambo na walinzi, au akanasa mguu kwenye mtego. Hifadhi za taifa kama Udzungwa na Kilimanjaro ndio usijisumbue, mbwa wa kufuga haingii.

Hayo yote hayahitaji hela ya staa. Kamba ya katani hata mimi nimeinunua.

Sasa turudi kwa dada. Nimesikia kwa mtu wa karibu kwamba baadaye alimpa bibi elfu kumi, na timu yake wanaitembeza hiyo elfu kumi kama ngao. Kama ni kweli, vizuri, ndizi zimelipwa. Lakini video bado ipo. Bibi bado anaanguka kila mtu akibonyeza, kanga imemfunuka, watu elfu kadhaa wameweka vikatuni vya kucheka. Huyo ni mama wa watu. Ana wanawe, ana wajukuu wenye simu. Umewahi kujiuliza mjukuu wake ataionaje? Ingekuwa ni bibi yako Tanga au Singida anaparamia majani hivyo, ungeweka wimbo juu yake?

Dada, sikuchukii. Movi zako mama yangu anaziangalia. Nakuomba vitu vitatu. Futa video. Mchanje mbwa wako kama hujachanja, na ununue kamba. Alafu rudi Morogoro bila kamera, panda ile njia, ukamuombe radhi bibi uso kwa uso. Wenyeji watakuonyesha nyumbani kwake, kwa sababu kumbe njia ile ina watu, na watu wanajuana. Ukiogopa kupanda peke yako nitafute, nitakusindikiza. Popi atakuja pia, kwenye kamba.

Wadau, nyie mnasemaje? Mliocheka mje mjitetee hapo chini, na wenye mbwa mtuambie, kachanjwa? Matusi nafuta.