Kabla useme binamu yangu amerogwa, angalia hii valini

Wasee, leo siongelei siasa. Naongelea kitu kidogo sana ndani ya damu, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema binamu yangu amerogwa.

Binamu yangu ana miaka 16 na tunaishi boma moja hapa Mraru. Ana ugonjwa wa seli mundu. Maumivu yakimshika usiku anakunja magoti, anang'ata shuka ili asiamshe watoto. Juzi jirani mmoja mzee akamuuliza nyanya, "Huyu mtoto mmeshampeleka kwa mganga?" Na kuna mwalimu aliwahi kumwita mvivu mbele ya darasa, eti kwa sababu hataki kukimbia. Hawa wawili hawajuani, lakini kosa lao ni moja, na mimi naweza kuwaonyesha mahali penyewe walipokosea. Hata namba ya hapo ninayo.

Sikia. Ndani ya seli nyekundu za damu kuna protini inaitwa himoglobini. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Imejengwa kwa minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja. Piga hesabu, jumla ni 574. Mtu mwenye seli mundu ana tofauti moja tu kwenye kila mnyororo wa beta: nafasi ya 6, pale palipofaa kukaa glutamati, pamekaa valini. Hizo zingine zote ziko sawa.

Sasa utauliza, asidi amino moja inaleta balaa gani? Glutamati ina chaji na inapenda maji. Valini ni kama tone la mafuta, inakimbia maji. Ikikaa nje ya protini inatafuta mahali pa kujificha. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, hakuna pa kuingia. Lakini ikishaachilia oksijeni inabadilika umbo, na kishimo kidogo kinafunguka kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini jirani, kati ya fenilalanini ya nafasi ya 85 na lusini ya nafasi ya 88. Hizo nazo ni za upande wa mafuta. Valini inaingia hapo, na himoglobini mbili zinashikana.

Kama umewahi kupita mashamba ya mkonge kule Mwatate, hii utaielewa haraka kuliko mtu wa Nairobi. Uzi mmoja wa mkonge unaukata kwa mkono. Ukisokota nyingi pamoja unapata kamba ya kufunga ng'ombe. Himoglobini zikishashikana zinajipanga kuwa nyuzi, na nyuzi 14 zinasokotana kuwa kamba moja ngumu. Kamba hizo zinaisukuma seli kutoka ndani mpaka inapinda kama mundu. Seli iliyopinda inakwama kwenye mishipa midogo, oksijeni haifiki, na binamu yangu anang'ata shuka. Hapo jini anaingilia wapi?

Mtu ataniuliza, wewe uliyeacha chuo umeyajuaje haya? Nimeyaona kwa simu. Kuna hazina ya bure mtandaoni inaitwa Protein Data Bank, na ndani yake kuna muundo wenye kodi 2HBS. Unaona himoglobini mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Bofya valini ya nafasi ya 6, programu inakuonyesha majirani wake wa karibu. Watafiti huweka mpaka wa umbali, mara nyingi kama angstromu 4, na atomu zikiwa ndani ya huo mpaka wanahesabu kwamba zinagusana. Angstromu 1 ni milimita moja ukiigawanya mara milioni 10. Hiyo kazi ya kuorodhesha nani anamgusa nani ndani ya protini ni fani nzima. Wazo hilo la migusano pia lilisaidia kufungua njia ya programu kama AlphaFold, ambayo wenyewe walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2024. Kuangalia hakukunifanya daktari. Lakini sihitaji cheti ili niruhusiwe kuangalia damu ya watu wa kwetu.

Na ni ya watu wa kwetu kweli. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii mwaka 1949 akipima damu. Aligundua kwamba jeni ya seli mundu ni nyingi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na ni nadra nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: malaria. Miaka miwili baadaye, kule Cambridge, Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti iko kwenye kipande kimoja cha protini, ndipo ikajulikana ni glutamati na valini. Leo tunajua mwenye jeni moja tu, yule wa AS, anakingwa dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Maana yake wazee wetu waliokoka mbu kwa sababu ya hii jeni. Wale waliorithi mbili ndio wanaolipa gharama. Mnaiita laana ya ukoo, na mimi naiona kama deni ambalo sote tulikopa na wachache ndio wanalilipa.

Msimamo wangu ni huu: tumepewa hukumu bila ushahidi. Darasani tulichora kile kisanduku, AS na AS, mtoto mmoja kati ya wanne, tukapata maksi, tukafunga kitabu. Hakuna aliyetuonyesha ule mguso. Ndiyo maana mtu ana alama nzuri ya Biolojia na bado anaamini mganga.

Kuna msee ataniambia, "Bro, maumivu ni maumivu. Valini itamsaidia nini?" Ni swali la haki. Jibu langu: ukijua mguso, ushauri wa daktari unaacha kuwa amri tu. Kunywa maji kwa nini? Kwa sababu seli ikikauka himoglobini zinabanana na kushikana haraka. Dawa ya haidroksiyurea inafanya nini? Inaongeza himoglobini ya kichanga, ambayo haikubali kusokotwa vizuri kwenye ile kamba. Utafiti wa REACH uliwapa dawa hiyo watoto 606 Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, malaria imepungua, na vifo pia. Ukielewa hivyo huachi dawa kwa sababu jirani amekuambia.

Ndiyo, kuna tiba ya kuhariri jeni, Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Hiyo haifiki Mraru kesho. Kwa hivyo tupiganie kinachoweza kufika: kila mtoto anayezaliwa kaunti hii apimwe, na haidroksiyurea ipatikane karibu na nyumbani kwa bei ambayo mtu anayeuza makaa anaweza kulipa.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Mnajuana nyota, mnajuana hadi paswadi za simu, lakini hamjui kama ni AA au AS. Nenda upimwe kabla ya kuzaa. Sisemi upime ili umwache mtu kwa aibu. Nasema ujue, mkae chini, muamue pamoja mkiwa na ukweli mkononi. Mtu wa AS si mgonjwa na hana kosa.

Nilimwonyesha binamu yangu ile picha jioni moja, simu ikiwa na chaji asilimia 9. Aliigeuza geuza kwa kidole muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Kwa hivyo hakuna kitu nilifanya?"

Miaka 16, na hilo ndilo swali alilokuwa amelibeba.

Nilimwambia hapana. Yule jirani akirudi, nitamtolea kiti, nimwonyeshe yeye pia.